Ishirini kwa Ishirini

Mwenzenu nimeponea chupuchupu, na aliyeniokoa ni mwanafunzi wangu, Kabula. Mungu ambariki mtoto yule.

Nafundisha kemia sekondari moja huku Nyegezi. Tulipoletewa kompyuta za msaada, nikawa mwalimu wa kwanza kutungia jaribio humo. Programu ilinitaka niandike jibu sahihi kwanza, kisha yale ya uongo. Nikadhani mashine itayachanganya yenyewe, kama mtu anavyochanga karata. Sikuhakiki.

Wanafunzi wakavua viatu mlangoni, wakaingia, wakafanya. Darasa zima ishirini kwa ishirini! Nilitamba ofisi ya walimu kama jogoo, nikanunuliwa hata soda. Mkuu wa shule, mama wa makamo anayefundisha historia, akawaandikia wafadhili barua ya kunisifu.

Alikuwa akifunga bahasha, nami nimesimama pembeni natabasamu, Kabula alipobisha hodi. Mada ya jaribio lile ilipofundishwa, yeye alikuwa amelazwa kwa malaria.

"Shikamooni. Mwalimu, siyo haki mimi kupata zote. Nilibonyeza A tu mpaka mwisho."

"Marahaba. Ulibahatisha," nikasema, jasho likinitoka.

Mkuu aliinuka na bahasha yake mkononi. Alituongoza hadi chumba cha kompyuta, akavua viatu, akabonyeza A mara ishirini bila kusoma swali hata moja. Kioo kikampa ishirini kwa ishirini.

Akaichana barua taratibu.

"Asante, Kabula." Kisha akanigeukia. "Na wewe hongera, mwalimu. Tangu nizaliwe sijawahi kufaulu kemia."