Benchi la Wageni Mtoni Ruaha

Mwanangu, nilipotoka Rujewa kwenda Chunya kuchimba dhahabu, walisema sitarudi na kitu ila kikohozi. Nilirudi na stashahada ya umeme niliyoisomea kwa pesa ya dhahabu ile, na gari langu mwenyewe. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Basi siku moja, naiona kama ya jana, nikampeleka mama hifadhini, kando ya Ruaha. Alikuwa amelima mpunga Usangu maisha yake yote, lakini tembo alimjua kwa picha ya kalenda tu. Na daktari alikwishatuambia macho yake hayatadumu. Tukalipa kiingilio kama watu wote, tukakaa kwenye benchi la kivulini, juu kidogo ya maji, tukafungua viazi vyetu.

Akaja mhudumu, mtu mzima, kavaa sare. Mama akamsalimu kwa salamu ya kwetu, "Kamwene!" Hakuitikia.

"Kaka, hapa ni pa wageni."

"Na sisi tumekuja kutembea."

"Nasema wageni. Wazungu. Ninyi si wenyeji? Kaeni kule na madereva, mtakuja hata siku nyingine."

Siku nyingine! Kwa macho yapi? Damu ilinichemka, na hata sasa inachemka. Tangu lini mwenyeji akafukuzwa kwake kwa sababu ni mwenyeji? Kilichoniuma zaidi ni kwamba mama alikwishaanza kufunga viazi.

"Twende, baba. Tusiwasumbue watu."

Nikamshika mkono. "Kaa, mama." Nikamgeukia yule bwana: "Kama mimi ndiye mwenyeji, basi wageni wako watanikuta nyumbani. Walete."

Wakaja kweli, mume na mke. Mama akasogea, akapigapiga benchi kwa kiganja. "Karibuni, karibuni. Kuna viazi." Wakakaa, wakala. Tembo wakashuka kunywa, na mama akacheka kama msichana: "Kumbe anajipepea kwa masikio!"

Kabla ya mavuno macho yake yalizimika. Tembo wale hakunyang'anywa na mtu.

Kwa hiyo, mwanangu, unyenyekevu ni kitu kizuri, lakini usiutumie kujifukuza. Ukiambiwa uondoke kwenye haki yako, hata kwa sauti ya upole, uliza kwanza kwa nini. Na mto wa kwenu nenda ukauone mwenyewe, usingoje kusimuliwa na mtu wa mbali. Mungu akupe macho ya kukiona ulichozaliwa karibu nacho, na penye haki yako akujalie makalio mazito.