Ua Jekundu la Mzee Anselmi

Mzee Anselmi anauza chai karibu na stesheni ya Kidete, pale pale baba yake alipofanyia kazi ya reli. Vikombe vyake vyote vimechorwa ua jekundu, na hilo ua ndilo kipimo. Chai ikilifikia, birika linasimama. Umwamkie shikamoo hata mara tatu, atakuitikia marahaba tatu, chai haiongezeki.

Mwezi huo alikuwa anajiandaa kutuma mshenga kwa Fausta, mjane anayekaanga mihogo ng'ambo ya reli. Kidete nzima ilijua, Fausta mwenyewe akiwemo. Hofu yake mzee ilikuwa moja tu: Fausta asije akasikia kwamba yeye ni mchoyo.

Basi darasa la sita wakapewa kazi ya kutunga hadithi, kila mmoja na nahau yake, aeleze ilianzaje. Mdogo wangu Yusrah akapata "mkono wa birika". Mimi shule niliishia darasa la tatu, sikumwandikia. Ile habari ya ua tu ndiyo nilimwambia.

Siku ya kikao cha wazazi mwalimu akamsimamisha asome.

"Zamani, kabla treni haijajua kusimama, palikuwa na mzee muuza chai. Alimimina mpaka chini ya ua, akazuia. Alizuia miaka mingi hadi mkono ukagandana na birika. Akilala, analala nalo. Akisalimia watu, wanapeana mkono na birika..."

Mzee Anselmi, ambaye mjukuu wake yuko darasa la pili, akasimama.

"Samahani mwalimu. Huo ni uongo. Siishii chini ya ua. Naishia katikati!"

Mzazi mmoja wa nyuma akauliza, "Mzee, kwani nani kakutaja?"

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka na watu wake. Fausta, naye akiwa kati ya wazazi, alijifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Mzee akatoka, kofia kaiacha.

Kesho yake mshenga hakutumwa. Mzee alijikunyata nyuma ya jiko kama mwenye homa. Saa nne Fausta akavuka reli na kikombe cha bati.

"Habari za asubuhi, Mzee. Nimekuja na changu. Hakina ua."

Mzee akamimina. Macho yanatafuta pa kuishia, hayapaoni. Chai ikajaa, ikafurika, ikamwagikia kandambili zake, na bado anamimina.

"Jamani, inatosha, utajiunguza!" Fausta akapiga funda moja, akakunja uso. "Mshenga wako aje tu. Ila sukari nitakuwa natia mwenyewe."