Karatasi za Mama Neema

Kuna Jumapili moja naikumbuka kuliko ninavyopenda, mwanangu. Ilikuwa Kashojwa, kijiji chetu cha wakimbizi kule Uganda, baada ya misa, nami nilikuwa kijana mwenye kujiona kwa sababu tu padri alinichagua kusoma masomo kanisani.

Jirani yetu Mama Neema, Mkongo wa Kivu Kusini, alikuwa akilima maharage na kuandika habari za ziwa Nakivale: ndege, vyura, mafunjo, hata matope yenyewe. Siku hiyo aliniomba niwasomee vijana karatasi zake. Nikasoma, lakini nilibana pua na kuvuta maneno ili wacheke. Wakacheka, nami nikazidisha. Mwisho nikamwambia mbele ya watu, "Mama, sisi tunangoja kuondoka hapa, wewe unatuandikia vyura?"

Hakukasirika. Afadhali angenizaba kofi.

"Kule kwetu nilikaaka pembeni ya ziwa myaka mingi, sikuandika ata kitu," alisema. "Sasa bajukuu bananiuliza ndege za kule zilikuwa namna gani, nakosa ya kubaambia. Hii fasi, hapa tunaishi, sitaki nikose tena ya kusema."

Akachukua karatasi zake akaenda. Sikumwomba radhi siku ile, wala baadaye. Hakutuletea tena maandishi yake, nami nikajidai sijui sababu.

Juzi hapa Biharwe, tunapoishi sasa, uliponiuliza ziwa nililokulia kando yake likoje, nilikosa la kusema. Miaka yote ile nilichota maji yake bila kuliangalia. Nikakujibu kwamba korongo wa kule hushusha mguu majini polepole, kama mama anayemlaza mtoto aliyesinzia. Ukafurahi, ukanisifu kwa kusema vizuri, nami nikapokea sifa. Mwanangu, yale yalikuwa maneno ya Mama Neema, niliyoyasoma huku nimebana pua. Sina mengine. Naona aibu hata kukutazama.

Basi nisikilize. Jirani yako akiandika juu ya mahali mnapoishi, msome angali hai, umtaje kwa jina lake mbele ya watu, hata kama mahali penyewe mmepachoka. Mama Neema bado yupo Kashojwa, ila macho yamefifia, hawezi tena kujisomea. Jumamosi tunakwenda. Mimi nitapiga magoti nimwombe radhi, wewe utamsomea karatasi zake kwa sauti yako ya kawaida.

Mungu akupe macho ya kupaona ulipo, akukinge na kiburi changu. Amina.