Filimbi ya Protokoli kwenye Mto wa Polepole

Ndiyo, ni mimi. Yule mwanamke wa kwenye ile video, mwenye kitenge chekundu na filimbi mdomoni, anayepuliza juu ya daraja huku watu wanatoka majini mbio na watoto kwapani, ni mimi Mama Bénie wa Albert Park, hapa Durban, wala sina pacha. Aibu nimeipata na nimeimeza. Nasimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kusimuliwa: juzi mteja mmoja kutoka Sydenham alikaa kwenye kiti changu pale saluni, nikamsuka nusu kichwa, akaanza kunihadithia mkasa wangu mimi mwenyewe, tena vibaya, eti kulikuwa na papa. Hakukuwa na papa. Kulikuwa na mama mkwe wangu.

Kwa wasionijua, siku za kazi nasuka nywele, na Jumapili, pamoja na harusi zote, mimi ndiye mkuu wa protokoli kanisani kwetu. Protokoli kwetu Wakongo si kusimama mlangoni na kuchekacheka. Protokoli ndiye anayejua nani anakaa wapi, bibi harusi anaingia lini, chakula kinatoka lini, na yule mjomba anayeongea bila kituo anavutwa koti lini. Wenzangu wanatumia ishara za mikono. Mimi natumia filimbi. Mlio mmoja mrefu, wote mnasimama na kunitazama. Miwili mifupi, mnasogea. Harusi ninayoisimamia inaisha jua bado liko juu (na mnajua wenyewe, kwa harusi ya Wakongo hiyo ni karama ya Roho Mtakatifu). Kwa hiyo kujua kupanga sitaki kuombea msamaha hata leo.

Sasa, mama yake mume wangu alikuja kututembelea kutoka Lubumbashi, mara yake ya kwanza kuiona Durban na mara yake ya kwanza kuishi na mimi nyumba moja. Akanikuta kwenye msimu wa kusuka, wanawake wote wa mji huu wanataka vichwa vyao viwe tayari kabla ya likizo, basi mimi naondoka yeye bado amelala, narudi ameshapika bukari na sombe, ugali na kisamvu, jikoni kwangu, mgeni ananipikia mimi, nakula nimesimama huku najibu simu za wateja. Hakulalamika hata siku moja. Ila siku zake zilipokaribia kwisha, aliniambia jambo moja tu.

"Mama Bénie, mbele nirudie, ninataka siku moja tu tuikale na weye. Kuikala tu."

Yaani kabla hajarudi kwao, tukae tu. Nilimsikia vizuri kabisa, lakini nikajiambia ni heshima za watu wazima, wanasema hawataki kitu huku wanataka. Tena nilikuwa na hofu yangu, niseme ukweli: nilitaka akifika Lubumbashi, mashemeji wakimuuliza mwanawe kaoa mwanamke gani, awe na la kusema zaidi ya "anasuka". Nilikuwa na siku moja ya kumpa jibu, Jumamosi, kesho yake anapanda ndege. Mtu wa protokoli ukimpa siku moja hawezi kuiacha wazi.

Nikaipanga. Bustani ya michezo ya maji kule ufukweni, familia nzima, mimi, mume wangu, binti zetu Bénie na Gloire, na mama. Kwanza mabomba ya kuteleza, halafu treni ndogo, halafu samaki wa kwenye vioo, halafu chakula, halafu ile mashine ya merikebu inayobembea, halafu picha mchangani kabla upepo haujaanza, na watoto waonje kila kitu maana kiingilio ni kiingilio. Mume wangu Déo, yaani Papa Bénie, ambaye kazi yake ni kutengeneza simu na hajawahi kuharakisha kitu maishani mwake, alinisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Na kupumua, tumeweka wapi mu hiyo programu?" Nikamwambia tutapumua kwenye taksi.

Na sare, je? Familia bila sare inapigaje picha! Nikanunua kitenge chekundu chenye ndege wa njano, fundi akatushonea mimi na wasichana, na mama akapata kipande chake cha kujifunga. Ijumaa jioni alikishika, akakipekecha kwa vidole, akakinusa.

"Hii kitenge ni mupya. Tia mu mayi ya chumvi kwanza, ilale mule."

Jamani, kama kuna kitu ambacho mwanamke wa kwetu anafundishwa kabla ya kufundishwa kupika, ni hicho: kitenge kipya, hasa chekundu, unakiloweka kwenye maji ya chumvi ili rangi ishike. Mama yangu alinifundisha, mimi nimemfundisha Bénie. Lakini kuloweka ni kusubiri, na kukausha ni kusubiri tena, na unyevu wa Durban mnaujua, soksi tu inakauka kwa maombi. Nikasema, "Mama, muda hakuna. Na hatuendi kuvifua, tunaenda kuvivaa." Akakikunja. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa mimi wakati ule nilijiona nimeokoa nusu siku.

Asubuhi tukashuka kwenye taksi tumependeza mpaka madereva kwenye robot, taa za barabarani, wanatupigia honi. Mlangoni kijana wa usalama akakitazama kitenge cha mama, akasema nguo za kufunga haziruhusiwi majini. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha saluni, kile cha bei zimepanda, kwamba huyu ni mama wa watu na hilo ni vazi lake la heshima, na kwamba mama haingii majini. Akaona bora tupite.

Basi nikaongoza. Wasichana wakavua sare wakabaki na nguo za kuogelea, Bénie akateleza kwenye bomba refu akatoka anacheka machozi yanamtoka, akataka kurudia, nikamwambia programu hairudii. Kwenye vioo vya samaki mama akasimama mbele ya samaki mmoja mpana aliyenuna, akasema anafanana na shemasi wa kwao, akataka kumtazama vizuri ahakikishe. Nikapuliza miwili mifupi. Mama akageuka pole pole, akabeba mkoba wake, akasema, "Ndiyo, komanda." Papa Bénie akacheka, mimi nikamkata jicho.

Mahali pale pana mto wa kutengenezwa, maji ya kufika kiunoni, unazunguka bustani nzima pole pole na kurudi ulipoanzia, na watu wanalala juu ya matairi ya plastiki wanabebwa tu. Mimi kwenye programu sikuuweka. Mto usiokwenda popote unaupangia nini? Nikapita nao kando kwenda kushika foleni ya merikebu, nikasimama, nikageuka kuwahesabu watu wangu, sina watu. Nikarudi mbio mpaka kwenye daraja dogo juu ya mto, nikatazama chini, na ni nani huyo anayekuja? Mama mkwe, juu ya tairi, miguu hewani, mkoba tumboni, kitenge kiunoni ncha zake zinaelea, macho kafumba kama yuko kwenye kiti cha enzi.

"Mama! Foleni yetu imefika!"

"Nazunguka kidogo," akasema bila kufumbua macho, akapita chini ya daraja, akaondoka.

Nikasubiri azunguke arudi. Akarudi. "Mama!" "Ndiyo, mama." Akapita. Na nyuma yake, kila mmoja na tairi lake, wakapita Gloire, Bénie na Papa Bénie, wasaliti, huyo wa mwisho akanipungia mkono! Watu pale darajani wakaanza kucheka. Mimi, ambaye nimewahi kuwanyanyua wachungaji watatu kwenye meza ya chakula kwa filimbi tu, nachekwa na watu wenye kaptula za maua. Waliporudi mara ya tatu nikavuta pumzi yote niliyo nayo nikapuliza ule mlio mmoja mrefu.

Hapa nawaomba msinicheke haraka. Pahali pa maji mwenye filimbi ni mlinzi wa maji peke yake, na mlio mrefu maana yake tokeni wote, kuna hatari. Kila mtoto wa Durban anajua hilo tangu anajifunza kuogelea. Mimi nimejifunzia kuoga kwenye beseni. Watu wakashtuka, wakatazama huku na huku kutafuta hatari iko wapi, na hatari wakaiona, maana ndani ya maji yale meupe, nyuma ya mama mkwe wangu, kulikuwa na mkia mrefu mwekundu.

Kitenge kilikuwa kinatoa rangi.

Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Igazi! Igazi!" na hata kama Kizulu hukijui, namna alivyolisema ulijua ni damu. Mto mzima ukatoka. Watu wanaruka kingo, matairi yanabaki yanaelea yenyewe, walinzi wa maji wa kweli nao wakapuliza filimbi zao, basi waliokuwa bado hawajaamini yangu wakaamini zote. Vijana wawili wa ulinzi wakajitosa, wakamdaka mama mkwe huku na huku. Yeye alikuwa amesinzia. Anafumbua macho, wanaume wawili wamemshika na mkoba uko tumboni, utafikiria nini katika mji huu? Akavua kandambili.

"Bezi! Papa Bénie, ni bezi!" Yaani wezi. Na kandambili inalia kwenye vichwa vya vijana wa watu, pa, pa, na wao hawamwachii kwa sababu walifundishwa kwamba anayezama huwa anapigana.

Mimi juu ya daraja nikapuliza miwili mifupi, kwa maana ya "sogeeni, mwacheni", ikawa kama nimemwaga petroli. Ndipo nikaruka. (Hiyo ndiyo sehemu ya video ambayo watu wanairudiarudia, najua, na ndiyo, nilitua kwa makalio.) Na mimi nimevaa nini? Kitenge kilekile, jora lilelile. Nikasimama katikati ya mto naelekea kwa mama, rangi inanitoka kila upande, na mtu mmoja pale ukingoni akalia, "Na yule mwingine pia!"

Walimlaza mama kwenye benchi, kisanduku cha huduma ya kwanza kikafunguliwa, glavu zikavaliwa, wakawa wanatafuta jeraha na mama anawazaba vibao vya mikono wakigusa kitenge. Wakakifunua mpaka magotini. Miguu myekundu kabisa, mizima kabisa. Mama akaitazama miguu yake, akanitazama mimi ninavyotiririka, na mbele ya halaiki yote ile akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nilisema chumvi."

Papa Bénie ndiye aliyewatafsiria, na sijamsamehe jinsi alivyotafsiri vizuri. Kicheko kilichotoka pale naamini Overport walikisikia. Mkuu wa walinzi, mama mmoja mnene mwenye kofia, hakucheka. Alisema tu "Eish, mama," akanyoosha kiganja. Nikaivua filimbi shingoni nikamkabidhi kama mtoto wa shule. Mto utafungwa mpaka maji yasafishwe, akasema, na mimi nikae kwenye hilo benchi, nisinyanyuke, nisipange kitu, mpaka yeye aseme. Na watu wote waliokosa mto wakawa wanapita mbele yangu wananitazama.

Nikakaa. Wasichana wakakimbilia kwenye bomba refu wakateleza mpaka walipochoka wenyewe, Papa Bénie akaenda kutafuta chipsi na hakurudi upesi. Tukabaki mimi na mama, kitenge kwa kitenge. Nikasema, "Mama, pardon. Nilitaka ufurahi." Nilitegemea anigombeze. Akawa anaikamua ncha ya kitenge chake.

"Bataniuliza kule, muke wa Déo iko namna gani? Nitasema nini, Mama Bénie? Miye najua mugongo yako tu. Asubui mugongo, magaribi mugongo. Leo pia, mu hii bustani, ni mugongo."

Ilinichoma. Nililia, nisiwafiche, na kwa vile nilikuwa nimelowa nikafikiri haionekani, lakini yeye akanipangusa uso kwa kiganja chake chekundu, akanipaka rangi shavu zima, akaanza kucheka, nami nikacheka. Halafu akaongea. Akanieleza Déo alivyokuwa akiogopa mbuzi, akanieleza naye alivyoolewa, na mama mkwe wake mwenyewe ambaye hakuwahi kumwuliza hata jina la kwao. Nami nikamwambia mambo ambayo sijamwambia mtu. Merikebu ikapita, picha zikapita, upepo ukaanza, sikuona hata ulipoanza.

Mto ulipofunguliwa, yule mkuu wa walinzi akatutafutia kaptula na tisheti za kuazima, akatuonyesha matairi mawili. Tukazunguka, mama kanishikilia tairi langu kwa mkono mmoja njia nzima nisije nikamkimbia. Na jioni tukitoka filimbi ilirudishwa, lakini hakupewa mwenyewe. Alipewa mkubwa wa familia.

Jumapili pale uwanja wa ndege alikuwa amejifunga kitenge kilekile, alikiloweka mwenyewe kwenye beseni langu, bado kina unyevu na kimekuwa cha waridi, ila hakitoi tena rangi. Nikamnyooshea mkono, nikasema, "Mama, filimbi yangu, tuna harusi wiki ijayo." Akaivuta kutoka ndani ya blauzi, akanionyesha kwa mbali, akairudisha kifuani.

"Hii inaenda Lubumbashi. Ukiitaka, uje uikamate weye mwenyewe. Na usikuje na programu."

Kwa hiyo msiniulize kwa nini harusi za kanisani kwetu siku hizi zinachelewa. Filimbi iko Lubumbashi. Msimu ukiisha naifuata, saluni nimeshaaga, na kitenge changu kipya tangu jana kimelala kwenye chumvi.