Bomba la Shaba la Meja

Siku moja kabla hawajaja nilikuwa kwenye karakana ya marehemu baba, nanyoosha pete ya bibi harusi mmoja msumbufu aliyeirudisha mara tatu. Mdogo wangu Baraka alikuwa amenuna kwa sababu nimemtuma mkaa. Ndivyo tulivyoishi kule kwetu mashariki ya Kongo, masonara wasio na dhahabu, na maharage kila jioni.

Kesho yake wakaja watu wa msituni na mkubwa wao, aliyejiita Meja. Umeja gani? Kabla ya vita alikuwa karani wa mizani pale sokoni, na hata mizani yenyewe ilimshinda. Baraka walimpa bunduki kwa nguvu. Mimi nikachukuliwa pamoja na jiliwa la kubania vyuma na kalibu za baba, maana walikuwa na baruti na maganda ya kuokota, lakini vichwa vya risasi hawakuwa navyo.

Vichwa hivyo unaweza kuvitengeneza kwa kuyeyusha madini ya betri za magari ukamimina, kazi ya haraka ambayo hata Meja angeiweza. Au unakandamiza: kipande cha madini unakivika shaba, unakitia kwenye kalibu kikiwa baridi, bila moto, unakibana kwa jiliwa mpaka kipate umbo. Hiyo ni kazi ya sonara, inakwenda polepole na mabega yanauma. Lakini bunduki zile zilikuwa za kasi, na kichwa kisicho na shaba huacha ukoko ndani ya mtutu. Mtutu ukiziba, mwenye bunduki amekwisha.

Kwa hiyo nilikandamiza. Shaba tuliikata kwenye bomba refu lililong'olewa katika kiwanda kilichokufa. Vya Baraka nilivipima mara mbili, maana nilitaka mtoto wa mama yangu arudi nyumbani.

Kisha Meja akalitaka bomba. Si kwa vita. Alitaka kupikia kanyanga, ile gongo yake, kwa sababu bomba la plastiki lilimharibia ladha.

"Afande, bila shaba sina cha kuvika," nilimwambia. "Vya kumimina vitaziba mitutu."

"Mwanamke wa hereni ndiye anifundishe bunduki? Mimina. Risasi ni risasi."

Wapambe wake wakacheka. Wale walicheka hata alipopiga chafya.

Nikamimina.

Siku tatu baadaye vijana walipelekwa asubuhi kulinda daraja, wakashambuliwa huko; mimi nilibaki kambini.

Nilisikia bunduki zetu zikianza vizuri.

Kisha zikapungua. Za upande wa pili hazikupungua.

Baraka waliniletea amefunikwa uso, juu ya mlango uliong'olewa kwenye nyumba ya mtu. Bunduki yake ilikuwa kando yake. Nilichungulia mtutu, kichwa kimekwama ndani.

Meja alikuwa ameshakimbia. Majeruhi aliwaacha pale pale, ila mtambo wake wa pombe ulibebwa na watu wanne.

Miaka mingi baadaye, nikiishi Thamesmead, London, na kutunza wazee wa watu, nilitoka shifti nikaenda kwenye msiba wa mtu wa kwetu, Lewisham, ukumbi wa kanisa. Nani amekaa meza ya mbele, suti ya bluu, anaitwa Mheshimiwa? Yule yule. Akapewa maikrofoni, akasema vijana wake walikufa darajani kwa ujasiri. Ujasiri, eti. Mtu hana haya hata ya kuazima. Nikamfuata alipokuwa anajipakulia sambusa, sahani imeshajaa.

"Mimi ni dada yake Baraka," nilisema. "Yule uliyemnyang'anya bomba."

Nilitegemea akane. Akanitazama, anatafuna.

"Mama, fundi ulikuwa wewe. Ulijua. Baraka ulimwambia nini?"

Nilimwita mwizi na mlevi mbele ya watu wote, na sijutii hata neno moja. Mpaka leo namwona si kitu. Lakini swali lake nilirudi nalo nyumbani.

Asubuhi ile ya daraja Baraka alivigeuzageuza vile vichwa vya kijivu kiganjani. "Dada, hivi viko sawa?" Nilijua akisikia ukweli atakataa kwenda, na waliokataa Meja alikuwa anawaua. Nikamwambia viko sawa. Meja nilimwambia ukweli, akacheka. Baraka nilimdanganya, akanishukuru.