Fremu ya Mzee Nassib

Mzee Nassib wa Rusimbi hajawahi kufanya jambo lolote la maana, na mimi ni jirani yake mwaka wa thelathini huu, kwa hiyo najua ninachosema. Alikuwa karani wa mizigo bandarini, akastaafu, akaja kukaa barazani. Lakini ukimuuliza yeye ni nani, hakutajii bandari. Atakwambia ni kitukuu cha Feruzi, Mtume wa Balozi.

Masheikh walimwomba mara mbili aseme "mjumbe", maana Mtume tunayemjua ni mmoja. Akakataa. Karatasi ndivyo inavyosema, na asiyetaka shauri yake. Hilo "shauri yako" ndilo lilikuwa neno lake. Mwambie mfereji wake unamwaga maji machafu mlangoni kwako: shauri yako. Mkewe, Mungu amrehemu, alipomwambia bati linavuja juu ya kitanda, naye aliambiwa hivyo hivyo, akahamishia godoro ukutani.

Karatasi yenyewe ilining'inia sebuleni ndani ya fremu ya mninga. Ni ya zamani kweli, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baba yake Nassib aliipeleka kwa seremala aliyekuwa na kioo kimoja tu, nacho kifupi. Seremala hakujisumbua. Aliikunja karatasi chini, akaibana pembeni, akagonga misumari, kazi ikaisha. Ikabaki kuonekana mistari mitatu: salamu ndefu za Balozi wa Mwingereza aliyeko Unguja kwa liwali wa Ujiji, kisha maneno "Huyu Feruzi aletaye waraka ni mtume", na hapo mstari ukaingia chini ya mbao.

Kwa mistari hiyo mitatu mtu mzima amejijengea ukoo. "Babu zenu wanavushwa ziwa na minyororo shingoni," hutuambia kwenye kahawa, "babu yangu yuko meza moja na Balozi."

Meza gani? Mabalozi wale tunawajua. Kazi yao kule Unguja ilikuwa kumwendea Sultani na salamu tamu na zawadi mkononi, huku manowari imetia nanga mbele ya jumba lake na mizinga imeelekea madirishani, halafu kumwambia: rafiki yetu mpendwa, tia sahihi hapa, ukomeshe biashara ya watu. Eti huo ndio ubalozi. Kwetu Ujiji mtu akikujia hivyo tunamwita mwizi mwenye adabu. Sultani naye akatia sahihi, misafara ikaendelea kupita, na kila mmoja akajiona mshindi. Ndio watu ambao Nassib anaringia kujuana nao.

Ningemwacha na fremu yake, lakini kulikuwa na Shadia. Shadia ni binti yake wa mwisho, muuguzi, mtoto mpole ambaye sijui aliutoa wapi upole huo. Alipendana na Mrisho, fundi wa injini za boti kutoka Ilagala. Baba akasema ukoo wa Mrisho ulitoka ng'ambo ukiwa umefungwa, basi hapana. Shadia hakugombana naye wala hakutoroka. Alisema bila radhi ya baba haolewi, hata azeekee mle ndani. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, mtoto wa watu anakonda tu.

Mwisho Mrisho akaniomba niwe mshenga. Nikaenda na barua ya posa imefungwa kwenye leso nyeupe, nikafuatana na shangazi yake, Bi Mwanvua, anayesomesha madrasa kule Gungu. Tukatoa shikamoo, tukakaa, nikaweka leso mezani. Nassib hakuigusa.

"Mshenga," akasema, "mimi na wewe tunajuana. Sisi watu wa nyumba hii tulitumwa na Balozi. Hao wako waliuzwa sokoni kama kuku. Shadia haendi huko."

Nilitaka kunyanyuka. Bi Mwanvua akanishika mkono.

"Mzee wangu," akasema, "herufi hizo nami nazisoma. Tangu nije naona mistari mitatu. Naomba niisome yote, nikawaambie wenzangu tumekataliwa na watu gani."

Mtu mwenye akili angesema siku nyingine. Nassib akacheka. Aliitungua fremu, akaagiza kisu cha jikoni, akang'oa misumari kwa mkono wake mwenyewe. "Soma! Soma mpaka chini, masikio yenu yazibuke."

Bi Mwanvua akaikunjua taratibu, akapitisha kidole kutoka kulia kwenda kushoto. "Huyu Feruzi aletaye waraka ni mtumwa..."

"Mtume," Nassib akamsahihisha.

"Kuna herufi ya wau hapa mwishoni, mzee, ndiyo inayofanya isomeke 'mwa'. Ilibanwa na mbao. Ni mtumwa." Akashuka kwenye mstari uliokuwa umekunjwa. "Ni mtumwa wako. Tumemwazima kwako, anakuja kuchukua masanduku yetu yaliyobaki huko. Twakuomba usimuuze hata atufikishie masanduku Unguja. Yakishafika, shauri lako. Ni mimi rafiki yako mpendwa, Balozi."

Masanduku! Kwa Sultani Balozi analia machozi juu ya watumwa, na wino huo huo unaomba mtu asiuzwe mpaka masanduku yafike. Na Feruzi ndiye aliyeibeba barua ile, miezi njiani, kwa miguu yake, asijue imeandikwa nini.

Nilikuwa na cheko la miaka thelathini kifuani, nikasema leo nalitoa. Nikamtazama Nassib ili nilitoe vizuri. Alikuwa ameweka kidole juu ya ile wau kama mtu anayeziba tundu.

"Aliuzwa?" akauliza.

"Barua haisemi, mzee," Bi Mwanvua akajibu.

"Masanduku je? Yalifika?"

"Haisemi."

Cheko likanikwama. Sikuacha kumdharau, nisije nikasema uongo. Mtu aliyewatukana majirani kwa utumwa miaka yote ile anastahili. Lakini nilimwonea huruma Feruzi, na wakati ule sikuweza kumcheka mmoja bila kumcheka mwingine.

Shadia alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alikuwa amesikia yote.

"Baba," akasema, "wageni wanangoja jibu."

Nassib akaitazama leso, akamtazama Bi Mwanvua, akakunja uso kama kawaida yake. "Shauri ya..." akaanza, kisha macho yakarudi kwenye mstari wa mwisho wa karatasi.

"Shauri lako, mwanangu," akasema.

Miaka thelathini nimemsikia akiwatupia watu neno hilo. Siku ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona akimpa mtu.

Shadia akaweka sinia chini, akaichukua leso.