Siku Niliyoukata Mvumu

Nilipokuwa msichana wa miaka tisa kule Mwamgongo, kuni zilikuwa kazi yangu, na asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha, mlimani kunateleza, mama yuko ndani na mdogo wangu wa kike wa mwezi mmoja, uji haujapikwa. Nikautazama mti wetu wa mvumu nyuma ya nyumba, ule babu alioupanda alipojenga. Tulikatazwa kuugusa. Bibi alisema mtoto akiujeruhi, maziwa ya mama yake hukauka. Nikajiambia, tawi moja tu, nani atajua? Nikapiga panga.

Ukatoka utomvu mweupe, mzito, ukachuruzika mpaka kwenye mizizi. Ulinata mikononi mwangu, nafuta kwa majani, hautoki. Na lile tawi lenyewe halikuwaka, lilifuka moshi tu.

Siku ya tatu maziwa ya mama yakakata. Mtoto anashika titi, anaachia, analia mpaka sauti ikamwisha. Mama alikuwa anatetemeka kwa homa, baba akapanda boti kwenda mjini kutafuta dawa. Mimi nikakimbilia jikoni nikamwambia bibi yote kwa pumzi moja.

Hakunipiga. Alinishika mkono, tukatoka.

"Msalimie kwanza," akasema mbele ya mti.

"Bibi, mti hauna masikio."

"Wewe unayo mawili. Yamekusaidia nini?"

Bibi alikuwa ameacha kupiga magoti zamani, yalimuuma. Hata mwenyekiti wa kijiji akija, bibi alimpokea amekaa mkekani. Siku ile akashuka taratibu kwenye tope, akainama, akapiga makofi ya polepole, salamu yetu sisi Waha ile ndefu, akauliza habari za nyumbani, kisha akautegea sikio. Sikuona mti tena, niliona mtu mzima niliyemkosea. Nikapiga magoti na mimi.

"Nisamehe, nilikuwa na haraka. Mtoto hana kosa."

Tukalipaka jeraha tope, tukalifunga kwa maganda makavu ya mgomba. Jioni baba akarudi na vidonge, mama akameza. Kesho yake asubuhi nikamsikia mdogo wangu anameza, gu, gu, gu, nikalia.

Nesi wa kliniki huku Gungu ninakoishi ameniambia mama akiugua maziwa yanaweza kupungua, na mimi biolojia nimesoma mpaka kidato cha nne, naelewa. Lakini sasa nina mtoto wangu wa wiki tano, akikohoa naogopa, akilala sana naogopa, naweka sikio puani mwake, na lile swali, ni dawa au ni mti, limeacha kunisumbua. Namwona tu bibi kwenye tope, anambembeleza asiyejibu kwa ajili ya mtoto asiyejua kusema. Ingekuwa ni mimi, boti ningeituma ikafuate dawa. Na kabla haijaacha ufuko ningekuwa nimeshapiga magoti.